Nilimpasua mama paji la uso, ukoo ukamlaumu yeye: yaliyonikuta Didia nikiwa na miaka kumi

Wakuu, salaam.

Mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu ndani sidhani kama mpo. Mliobaki wote, marahaba, hata kama hamjaamkia.

Juzi nilikuwa napitia ule uzi wa watoto watukutu. Nimeusoma wote mpaka miwani ikapata ukungu. Nusu yenu mnasema mtoto bila fimbo hanyooki. Nusu nyingine mnasema mzazi mkali ndiye anayetengeneza mtoto mkali. Mkatukanana mpaka uzi ukafungwa.

Sasa mimi nimekuwa mtoto wa aina hiyo, na nimelelewa na mzazi wa aina hiyo. Nikaona niwashushie ya kwangu.

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka mnivumilie. Themanini nimeshaipita, sina cha kumdanganya mtu. Atakayesema hii ni chai, alete na sukari.

Twende.

Kwetu ni Didia, Shinyanga. Ninayosimulia ni ya miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo na hatujui kama atakuja kuondoka. Baba yangu alikuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita. Nyumbani alikuja mara moja kwa mwaka, na kuna miaka hata hiyo mara moja hatukuiona.

Nyumbani tulibaki na mama. Mimi, Minza, ndiye wa kwanza. Baada yangu kuna mdogo wangu Masunga, wakati huo ana miaka mitano na anaogopa hata ndama. Halafu kulikuwa na kichanga mgongoni kwa mama.

Tulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Ng'ombe hawajui kwamba mtoto wa kwanza wa nyumba hii ni msichana, wao wanataka kwenda machungani. Kwa hiyo nikaenda mimi.

Machungani walikuwa wavulana watupu. Siku ya kwanza wakaniambia nirudi nyumbani nikasonge ugali.

Wale mliozaliwa mjini niwaeleze kidogo. Serikali ilikuwa imetuchimbia lambo, bwawa la kunyweshea mifugo. Ng'ombe wanaotangulia wanakunywa maji. Wanaofuata wanakunywa tope. Na anayetangulia hapangwi na mtu mzima yeyote, maana watu wazima hawapo. Anapangwa kwa ngumi.

Siku tatu za kwanza ng'ombe wetu walikunywa tope na mimi nilirudi nyumbani nimevimba mdomo. Siku ya nne nilimng'ata sikio mvulana mmoja anaitwa Luhende, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wa lambo zima. Sikumwachia mpaka alipoita jina la mama yake.

Tangu hapo ng'ombe wetu walikunywa maji.

Nisiwafiche, wakuu, nilipenda kupigana. Kuna raha fulani ukiona mtu aliyekucheka jana anakupisha njia leo. Kidogo kidogo nikawa napiga hata pasipo na sababu ya ng'ombe. Mtu akiniangalia sana, napiga. Asiponiangalia, najiuliza kwa nini haniangalii.

Jioni sasa ndiyo kimbembe.

Kila jioni mama alikuwa na mgeni mlangoni. Mama wa huyu, bibi wa yule, wamemshika mtoto mkono kuonyesha damu. Mama anaomba radhi. Wakishatoa mguu tu, ananigeukia.

Mama yangu alikuwa mwembamba lakini mkono wake ulikuwa mzito. Alinichapa kwa fimbo ya kuchungia, kwa mwiko, kwa chochote kilichokuwa karibu. Fimbo niliizoea. Maneno ndiyo sikuyazoea.

"Wenzangu wamezaa watoto, mimi nimezaa fisi."

Wanaotoka usukumani wanajua uzito wa kuitwa fisi. Wengine chukueni tu kwamba si jina unalotaka kupewa na mama yako mbele ya majirani.

Basi nikawa fisi. Usiku nalala na makovu, asubuhi naamka na hasira, mchana naimalizia kwa watoto wa watu, jioni wanakuja mlangoni, mama anachukua fimbo. Kesho tena. Masunga naye akawa anapata mgawo wake kutoka kwangu kila siku, maana ndiye aliyekuwa karibu.

Ikafika mahali mama ananichapa hata siku ambayo hajaja mtu. Anasema anatanguliza.

Hapa ndipo nawaombeni mtulie, maana mambo yanabadilika.

Mtama ulipoanza kukomaa, kazi yangu ikawa kufukuza ndege. Wale kwelea wakishuka shambani kundi zima, ndani ya nusu saa hamna chakula cha mwaka. Kwa hiyo linajengwa dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, mtoto anapanda juu na kombeo lake na rundo la madonge ya udongo. Kutwa nzima unazungusha, unarusha, unapiga kelele.

Kwenye kombeo nilikuwa moto. Nisijisifu sana, lakini nilikuwa naweza kuchagua ndege.

Siku hiyo saa za mchana mama alikuja kuniletea matobolwa, viazi vikavu vilivyochemshwa. Kichanga kiko mgongoni. Bahati mbaya wakati anatokea, upande wa chini wa shamba ulikuwa umefunikwa na ndege na mimi nilikuwa nimekaa nakwangua kigaga kwenye goti.

Akaanza kutoka mbali. Fisi. Mtoto wa hasara. Tumbo lililokubeba lina mkosi. Baba yako angekuwa na akili angekuacha kichakani.

Nikasimama. Kombeo lilikuwa mkononi na lilikuwa na donge ndani. Nikazungusha.

Lilimpata juu ya jicho la kushoto.

Mama alikaa chini katikati ya mtama, taratibu, kama mtu aliyechoka. Damu ikashuka usoni mpaka kwenye kanga. Kichanga kikaanza kulia. Mimi nilishuka kwenye dungu nikitaka kukimbia lakini nikabaki nimesimama pale nikimtazama.

Wanawake waliokuwa mashamba ya jirani wakaja mbio. Wakauliza nini kimetokea.

Mama akasema, "Limemponyoka. Alikuwa analenga ndege."

Nikadakia, "Liliniponyoka."

Sikuelewa kwa nini alisema vile. Nilidhani ameumia hata akili imehama.

Sasa kwetu, mtoto aliyemtoa mzazi damu, iwe kwa makusudi au kwa bahati mbaya, hali naye chungu kimoja mpaka apuliziwe maji. Utaratibu ni huu. Anaitwa mtu mzima wa upande wa baba awe shahidi. Mzazi anasema mbele yake yote aliyonayo moyoni juu ya yule mtoto. Akishamaliza anajaza maji mdomoni, anampulizia mtoto usoni na kifuani. Yameisha. Mnakula pamoja.

Ila kuna sharti. Mzazi akificha kitu, maji hayashiki. Na utajuaje kwamba hayakushika? Mtoto ataendelea na ukorofi. Kwa hiyo mtoto akiendelea, anayeulizwa ni aliyepuliza.

Likaririni hilo sharti, maana kesi nzima imelala hapo.

Akaja baba mkubwa Maganga, kaka yake baba. Mzee wa haraka huyo, kila mahali alipofika alikuwa ameacha kazi nyingine. Mama akasimama na kitambaa kichwani, akasema kwa mkupuo mmoja, "Sina kitu. Moyo wangu mweupe." Akajaza maji, akapuliza. Yaliniingia machoni.

Baba mkubwa akasema vizuri, akala kuku, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimeyaona macho ya mama wakati anapuliza. Weupe haukuwepo.

Hata wiki haikuisha nikamtoa Luhende jino.

Mama yake akaja jioni, na mimi nilishajiandaa, nimekaza mgongo. Lakini yule mama hakunifokea. Hata hakunitazama. Alimsogelea mama, akamuuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama Minza, kwani ulibakiza nini moyoni?"

Mama akaingia ndani.

Habari zikatembea. Kisimani wanawake wakawa wananyamaza mama akifika. Mmoja akasema mama ana kinyongo na mtoto wake wa kumzaa. Mwingine akasema maji yake hayashiki kwa sababu ana roho nyeusi. Mtu aliyepasuliwa uso ni yeye, na mtu anayesemwa ni yeye.

Na mimi, mtoto wa miaka kumi, nikaelewa.

Wakuu, nilielewa kwamba nikipigana, anayeaibika ni mama. Tena hawezi kunichapa, maana akinichapa ndiyo kila mtu atasema mnaona, kinyongo hicho. Nilikuwa nimepewa silaha na ukoo mzima.

Niliitumia vibaya. Leo naona aibu kusema, lakini niliahidi ukweli. Nilikuwa natoka asubuhi nikichagua wa kumpiga, hasa yule ambaye mama yake ana mdomo mkubwa. Kisha jioni nakaa karibu na mlango nisikie mama anavyoulizwa.

Mama akaacha kunichapa. Akaacha na kunitukana. Alinipikia, akanipakulia, akaniwekea chakula mbele yangu, lakini hakunitazama. Tunapishana kama watu wasiojuana. Mwezi mzima.

Hapo ndipo mnapokosea mnaosema dawa ya mtoto ni kumnyamazia tu. Ile fimbo ilikuwa mbaya, lakini ule ukimya uliniharibu zaidi. Nikawa nampiga kila mtu ili mama anitazame, hata kwa hasira. Na kila nilipopiga, ndivyo alivyozidi kugeuza uso.

Habari zikafika Geita. Zamani hakukuwa na simu, lakini umbea ulikuwa unafika mapema kuliko barua. Mtu mmoja anayerudi kutoka machimboni akaleta ujumbe wa baba: kama mama yake ana kinyongo naye, mtoto aende akalelewe na dada yangu Ushirombo.

Nilifurahi! Niliwatangazia lambo zima kwamba naenda Ushirombo kupanda lori, na nyie mtabaki hapa na ng'ombe wenu.

Sengi akaja kunichukua. Sengi kwetu ni shangazi. Sengi Veronika alikuwa mama mnene, Mkatoliki wa kukesha kanisani, na rozari shingoni. Alikuwa amepanda malori mawili, akabadilishia Isaka, kafika amejaa vumbi mpaka kope. Akanitazama juu mpaka chini akasema, "Ndiyo huyu jambazi? Mbona mfupi?"

Nilimpenda papo hapo.

Ila jioni ile Masunga alikuja nilipokuwa natenganisha ndama, akasimama mbali kidogo kwa tahadhari, akaniuliza, "Dada, ukienda, nani atanipiga?"

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Mtoto alikuwa anauliza kweli, alikuwa hajui siku inakwendaje bila mimi.

Nikageuka nikamwona mama amekaa nje, anashona gauni langu. Nilikuwa nalo moja tu na lilikuwa limechanika kwapa tangu nilipopigana na Luhende. Anashona, anakata uzi kwa meno, anashona tena palepale aliposhona. Uso wake ulikuwa na kovu jipya juu ya jicho.

Hofu ikanishika, wakuu. Kumbe nilikuwa nimeshinda. Nilitaka anitazame, na sasa nilikuwa napelekwa mahali ambapo hata akitaka kunitazama hataweza. Na sikujua namna ya kusema sitaki kwenda, kwa sababu kwa muda wote ule nilikuwa sijasema kitu bila ngumi.

Sengi akakataa kuondoka na mimi vilevile. Alisema maji ya kwanza hayakushika, na yeye hawezi kubeba kinyongo cha mtu kwenye lori. Yarudiwe, yeye ndiye shahidi.

Mama akamuuliza, "Wifi, si padri wenu amekataza?"

"Padri yuko Ushirombo," sengi akasema. Akavua rozari, akaibusu, akaifunga kwenye kitambaa na kuiingiza ndani ya mzigo wake. "Haya. Tuendelee."

Asubuhi yake tulikuwa watatu tu, uani. Masunga alikuwa amefukuzwa akae na kichanga. Kibuyu cha maji kiko chini.

Mama akasimama, akaanza, "Moyo wangu..."

"Mayu, mama yangu, simama hapo hapo," sengi akamkatiza. "Usiniambie mweupe. Hapa hakuna mwenye moyo mweupe, hata mimi ninayesali. Sema kilichomo."

Mama akageuza uso kuelekea mlangoni. Nilifikiri ataingia ndani. Kisha akasema, akiwa anatazama kibuyu:

"Ninamwogopa."

Sengi akamwacha aendelee.

"Jioni nikisikia ng'ombe wanarudi, tumbo linanikata. Najua anakuja na kesi. Niko peke yangu hapa, mume hayupo, kila mtu anakuja kunisema mlangoni kwangu. Nikimwona tu anatokea, nimeshakasirika, hata kabla hajafungua mdomo. Kuna siku alikuja hana kosa lolote, alikuwa amenichumia mboga, nami nikampiga. Mboga zikamwagika. Nilijua nimekosea. Nikampiga tena kwa sababu nilijua nimekosea."

Mimi ile siku ya mboga nilikuwa naikumbuka vizuri sana. Sikujua kwamba na yeye anaikumbuka.

Sengi akanigeukia. "Na wewe, ng'wana wane, mwanangu. Maji haya ni ya wawili. Sema."

Nilitaka kusema sina kitu. Lakini mama alikuwa amesema, na mimi sikupenda kushindwa.

"Nikifika karibu na nyumbani," nikasema, "nampiga mtu kwanza. Hata kama siku nzima sijagombana. Nampiga njiani. Kwa sababu nikifika nitapigwa tu, basi bora nipigwe nimefanya."

Mama akaninyanyulia macho. Kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima.

Nikaona kama nimeshaanza, nimalize. Nikasema, "Na lile donge halikuniponyoka. Nilikulenga."

Sengi akashika kifua, akatafuta rozari, akakumbuka iko kwenye mzigo.

"Najua," mama akasema. "Niliuona mkono wako. Wewe hukosi ndege, utanikosa mimi?"

"Sasa kwa nini ulisema limeniponyoka?"

"Kwa sababu nilijua nilichokuwa nakuambia. Ningekuwa mimi niko juu ya dungu, naitwa vile na mama yangu, ningelenga."

Niliangua kilio. Nilikuwa sijalia kwa fimbo muda mrefu, hata nilisahau kinavyoanza.

Sasa ikabidi mama apulize. Akajaza maji mdomoni, na yeye akashikwa na kilio, akayameza yote. Akajaza tena, akapaliwa. Akakohoa mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Sengi akasema, "Jamani, maji yatatuishia." Mara ya tatu akajaza mashavu yote mawili, akanitazama, mimi kamasi zinashuka, yeye mashavu yamejaa, na mimi nikacheka. Nikamcheka mama yangu usoni, katikati ya tambiko.

Akapasuka. Maji yote yakamwishia sengi.

Kuanzia kilemba mpaka kifuani, sengi alilowa chapachapa. Tulicheka mpaka Masunga akatoka ndani kuja kuona nani amekufa.

Sengi akajipangusa, akasema yeye ndiye shahidi na kwa ushahidi wake maji yameshika, ingawa yameshika mtu mwingine.

Sasa najua mnataka kuuliza: kwa hiyo ulikwenda Ushirombo au hukwenda?

Ngojeni kwanza niseme nilichojifunza, maana nikishawapa mwisho wa stori hamtasoma tena, nawajua.

Mnagombana humu nani alianza, mzazi au mtoto. Mimi nimeishi ndani ya hilo jambo na sikuwahi kujua nani alianza. Mama alinipiga kwa sababu nilipiga watu. Mimi nilipiga watu kwa sababu mama atanipiga. Kila mmoja alikuwa analipa kitu ambacho mwenzake alikuwa bado hajakifanya. Ukitafuta mwanzo wake utazunguka mpaka uzeeke.

Kilichosaidia si fimbo wala si kuacha fimbo. Mama aliiacha fimbo mwezi mzima na tukawa wabaya zaidi. Kilichosaidia ni kwamba mtu mzima alitangulia kusema anaogopa. Ningeanzia wapi mimi mtoto, hata neno lenyewe sikuwa nalo.

Nami nilikuja kuzaa. Mwanangu wa kwanza, tukikaa Kahama, alikuwa mimi mtupu, kila jioni kesi. Nilimchapa, nisiseme uongo. Nilimchapa miaka miwili kabla sijakumbuka kumwambia kwamba nikisikia mlango unafunguliwa, tumbo linanikata. Alikuwa na miaka tisa. Alinitazama akasema, "Na mimi, mama." Basi tukakaa chini kuanzia hapo. Hakugeuka malaika, lakini tulikuwa upande mmoja.

Miaka miwili ile bado inaniuma. Nilikuwa najua, na nikasahau.

Haya, mwisho.

Lori la sengi lilikuwa linapita asubuhi ya pili. Hakuna aliyesema nibaki. Ujumbe wa baba ulikuwa ujumbe wa baba, na sengi alikuwa ametoka mbali. Mama aliamka mapema akapika chakula cha njiani cha watu wawili: michembe ya viazi vikavu, karanga, na kuku mzima amechomwa. Akakifunga. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu lililoshonwa, nina kifurushi kichwani. Nilikuwa nimejiapiza sitalia.

Sengi akamshika mama mkono, wakaagana. Kisha wote wawili wakanigeukia. Nikaanza kutembea.

Nimefika kama hatua kumi hivi, nikasikia mama nyuma yangu, kwa ile sauti yake ya kila siku, kali vilevile:

"Minza! Ng'ombe bado wako zizini, unakwenda wapi?"

Niligeuka. Alikuwa amesimama na mikono kiunoni, ananitazama. Sengi naye alikuwa anatazama juu mawinguni kama mtu ambaye hajasikia kitu.

Nilikitupa kile kifurushi na kukimbilia zizini.

Sengi Veronika alirudi Ushirombo peke yake na chakula cha watu wawili. Alikuja kutuambia baadaye kwamba alikimaliza chote kabla ya kufika Isaka.

Uwanja wenu sasa, wakuu. Mwenye mtoto wa hivyo nyumbani, au aliyekuwa mtoto wa hivyo, aje aseme. Wenye matusi nao karibuni, nitawajibu nikishatoka kulisha kuku.